Barua ya Sultani, Kipande na Pasipoti: Uraia Katika Njia ya Ukambani

Mwaka 1844 Seyyid Said wa Zanzibar alimwandikia Johann Ludwig Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf alikuwa mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Waingereza, na barua ile iliwaagiza maliwali wamtendee wema kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliyekuja kwa kazi ya Mungu. Kwa karatasi hiyo moja alifunguliwa mlango wa Mombasa, akapata pa kukaa Rabai. Lakini ukitoka Rabai ukaingia nyika, Sultani hakuwa na liwali, na barua yake haikuwa na wa kuisoma.

Novemba 1849 Krapf alipoingia Kitui, kilichompitisha ni jina la mtu. Kivoi wa Mwendwa alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mwenye misafara iliyoshuka hadi pwani, na aliyekuwa mgeni wake hakuguswa. Ni Kivoi aliyemsimulia habari za mlima mweupe ulioko ng'ambo ya mto, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona kutoka Kitui. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililoishia kuwa jina la nchi nzima, na leo limepigwa kwa rangi ya dhahabu kwenye jalada la pasipoti.

Krapf aliporudi 1851, Kivoi alikubali kumpeleka mpaka mto Tana. Msafara ukashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Walimuuliza kwa nini mwenyeji wake amekufa na yeye yuko hai, na wako waliotaka alipe kwa damu. Ikambidi atoroke tena, usiku. Kibali chake cha kukaa Ukambani kilikuwa mtu. Mtu alipokufa, kibali kilikufa naye.

Katika Ukambani wa karne ya 19, habari hii haikuwa kioja. Mtu wa mbali alikuwa mgeni wa fulani, kisha akaoa, akapewa shamba, akachanjia undugu, na watoto wake wakahesabiwa katika ukoo. Wakamba wenyewe waliokuwa wakishuka na misafara walifanya vivyo hivyo kwa wenzao wa pwani, wengine wakahamia kabisa karibu na Rabai, na vizazi vyao viko huko hadi leo. Hapakuwa na daftari. Palikuwa na mashahidi.

Desemba 1895 Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Philadelphia, alifika na wenzake Nzaui, katika Makueni ya sasa, wakaanzisha hapo kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Hakuna afisa wa uhamiaji aliyewauliza chochote. Uingereza ilikuwa imetangaza eneo hili kuwa himaya yake miezi michache tu kabla, na watawala wapya hawakuwa na muda wa kuwahesabu wamisionari. Scott alikufa kwa homa mwaka mmoja baadaye, akazikwa huko huko. Katika upande wa kusini wa Kitui, Walutheri wa Leipzig walikuwa tayari Ikutha, na baadaye wakafungua Mulango. Nao hawakuulizwa karatasi, mpaka vita vya 1914 vilipozuka na Ujerumani ikawa adui. Hapo ghafla pasipoti ya mtu aliyezoea kutibu vidonda na kufundisha watoto kusoma Kikamba ikawa ushahidi dhidi yake. Wajerumani waliondolewa, na vituo vyao vya Ukambani vikaishia mikononi mwa Africa Inland Mission.

Lakini waliobadilisha hesabu ya nani ni mtu wa hapa hawakuja na Biblia. Walikuja na mkataba.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na ulipomalizika miaka mitano baadaye ulikuwa umewaleta vibarua 31,983 kutoka Bara Hindi, wengi wao Punjab. Kila mmoja aliandikwa: jina, jina la baba, kijiji, umri, mshahara, muda wa miaka 3 na haki ya kurudishwa kwao. Waliokufa walikuwa 2,493. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya mkataba walikuwa 6,724. Tazama jinsi hesabu hizi zilivyo kamili hadi mtu mmoja, kisha utafute idadi ya Wakamba waliofyeka njia, waliouza chakula na kubeba maji kwenye kambi hizo hizo. Hutaipata. Jambo hilo litajirudia katika historia yote hii: aliyekuwa na karatasi hakuwa mwenyeji, na mwenyeji hakuwa na karatasi.

Reli ilikata Makueni kutoka Mtito Andei, ikapita Kibwezi, Makindu, Simba na Emali hadi Sultan Hamud, kituo kilichopewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyeizuru njia hiyo mwaka 1898. Mwaka huo huo Makindu ikawa kambi kubwa ya mafundi na vibarua. Kalasinga waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli walikusanyika hapo kwa ibada, na 1926 wakajenga hekalu ambalo hata leo humlisha msafiri yeyote anayeingia, bila kumuuliza dini wala kabila wala kitambulisho. Madereva wa malori na mabasi ya Mombasa wanalijua vizuri kuliko watalii.

Nyuma ya reli yalifuata maduka. Allidina Visram, aliyekuja Zanzibar kutoka Gujarat akiwa kijana, alifungua matawi kadiri reli ilivyosonga, na wadogo zake katika biashara wakaingia ndani zaidi. Kitui haikupata reli, lakini ilipata Wahindi: nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa kwenda, ngozi, nta na asali kurudi. Walijifunza Kikamba haraka kuliko maafisa wa serikali, maana afisa ana mkalimani na mwenye duka hana. Kisheria walikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza waliotoka India ya Waingereza, au watu waliolindwa naye ikiwa walitoka katika zile nchi za watawala wa Kihindi. Walihama ndani ya dola moja, na kwa miaka mingi hilo lilitosha, ingawa walowezi Wazungu walipiga kelele mara kwa mara wakitaka mlango ufungwe. Sheria ya kwanza ya kuzuia uhamiaji ilitungwa 1906. Waraka wa Devonshire, wa serikali ya Uingereza, wa 1923 ukatangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatatangulizwa. Waliosherehekea ni Wazungu, kwa kuwa Wahindi walinyimwa ardhi ya nyanda za juu na usawa kwenye kura.

Wakamba wakati huo walikuwa nani kisheria? Hadi 1920 walikuwa watu waliolindwa na Uingereza. Julai mwaka huo himaya ikageuzwa kuwa koloni, na bila kuulizwa wala kula kiapo, mzee wa Mwingi aliyelala akiwa mtu wa kulindwa akaamka akiwa raia wa Mfalme, sawa na mtu wa Manchester. Katika miezi hiyo hiyo serikali ilikuwa ikigawa kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kubeba ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Ndani yake mliandikwa mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachisha, huna pa kwenda. Mhindi hakuvaa kikopo. Mzungu hakuvaa. Raia wa Mfalme wa aina moja tu ndiye aliyevaa.

Thamani ya uraia huo ilipimwa 1938. Serikali ilipoanza kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema ardhi imechakaa, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kutembea hadi Nairobi kumwona Gavana. Walikaa mjini wiki kadhaa. Serikali ililegeza msimamo kuhusu ng'ombe, lakini Muindi mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kuishi Lamu. Mtu wa Ukambani alifukuzwa kama mgeni ndani ya nchi aliyozaliwa, na hakuna kifungu cha uraia kilichomzuia aliyetia sahihi amri ile.

Kipande cha shingoni kilifutwa 1947, na mahali pake kikaja kitambulisho cha watu wote, kwa maneno angalau. Kipande kikafa, jina lake halikufa, na hadi leo wazee wa Mutomo na Kathonzweni hukiita kitambulisho kipande. Mwaka uliofuata ukaleta mambo mawili makubwa zaidi. Bunge la London lilipitisha Sheria ya Uraia wa Uingereza ya 1948, iliyoanzisha uraia mmoja wa Uingereza na makoloni yake, na Nairobi ikapitisha sheria kali ya kudhibiti uhamiaji kwa vibali vya kuingia. Tangu hapo Gazeti Rasmi la serikali, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka 1 Novemba 1899, likajaa matangazo mafupi ya waombaji wa tajnisi. Fulani wa sanduku la posta fulani anaomba uraia, na yeyote anayejua sababu ya kumnyima aandike na kutia sahihi. Nimewahi kuyasoma mengi. Ni maandishi makavu kabisa, ila ukiyasoma mfululizo unasikia mji mzima ukipumua: seremala, fundi cherehani, karani wa stesheni, mjane mwenye duka.

Ikaja 12 Desemba 1963.

Katiba ya uhuru iligawa watu kwa kifungu kifupi ambacho ndicho kiini cha yote yaliyofuata. Aliyezaliwa Kenya, na angalau mzazi wake mmoja akawa naye amezaliwa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja saa sita usiku ilipogonga. Hakuhitaji fomu. Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wote wawili wakawa wamezaliwa nje, alikuwa na haki ya kuandikishwa akiomba. Aliyezaliwa nje lakini anaishi hapa kihalali aliweza kuomba pia. Wote wa kuomba walipewa miaka 2, hadi 12 Desemba 1965, na walitakiwa waukane uraia wa Uingereza.

Kwa Wakamba jambo lilikwisha palepale, hata kama hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya vizazi na vifo ya 1928 iliwabana Wazungu na Waasia. Waafrika walifikiwa polepole, wilaya kwa wilaya, na usajili wa lazima ukaenea nchi nzima 1971 tu. Chifu alijua, wazee walijua, ikatosha. Kwa Mhindi wa Kitui ilikuwa kinyume chake. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, risiti za leseni za tangu siku za baba yake, pengine hata mkataba wa reli wa babu, na kila karatasi hiyo ilithibitisha kwa wino kwamba wazazi wake walitoka nje.

Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini. Kati ya waliotakiwa kuomba, waliofanya hivyo kabla ya muda kwisha hawakufika robo. Mara nyingi jambo hili husimuliwa kama ushahidi wa kutoipenda nchi, na hukumu hiyo naiona nyepesi mno. Mtu mwenye duka Zombe au Nunguni aliambiwa atupe pasipoti ya Uingereza aliyoahidiwa kuwa itamlinda daima, achukue ya nchi yenye umri wa miezi. Alikumbuka mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na meli za wakimbizi. Alijua pia kwamba mwanawe wa kwanza anasoma London. Wengi waligawa familia kwa makusudi: baba anabaki Mwingereza, mwana mkubwa anaomba Ukenya, duka linaandikwa jina la mwana. Ulikuwa uamuzi wa mezani, si wa moyoni. Na walioomba mwishoni kabisa wakasubiri majibu kwa miaka.

Mwaka huo wa 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Barabarani watu walimwita Joginder Simba wa Kenya. Hakuna aliyemuuliza ni raia chini ya kifungu gani.

Serikali iliuliza. Sheria ya Uhamiaji ya 1967 ilianza kazi Desemba mwaka huo, na kila asiye raia akahitaji kibali chenye tarehe ya mwisho ili afanye kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa chini ya Makamu wa Rais Daniel arap Moi. Upande wa ajira, wa kuhakikisha nafasi zinachukuliwa na Wakenya, uliangukia Wizara ya Kazi, na waziri wake alikuwa mtu wa Kitui, Eliud Ngala Mwendwa. Mwezi Julai 1968 nduguye, Kitili Mwendwa, akateuliwa kuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika. (Kivoi pia alikuwa wa Mwendwa, jina hilo ni la kawaida Kitui, na siungi ukoo.) Wana wawili wa chifu mmoja wa Kitui walikuwa wakati huo kwenye mizani ambayo watu waliokuwa wakiwauzia wazazi wao sukari walipimiwa. Sijui kama kuna wilaya nyingine ya Kenya ambako mkasa huu ulikaa karibu namna hiyo.

Uzito mkubwa zaidi ulikuwa wa Sheria ya Leseni za Biashara, nayo ya 1967. Ilisema asiye raia hatafanya biashara nje ya maeneo maalumu yaliyotengwa katikati ya miji mikubwa, na bidhaa fulani za kila siku, kama mahindi, mchele na sukari, hatazigusa kabisa. Kitui haikuwa mji mkubwa. Makindu haikuwa, wala Sultan Hamud, wala Emali, wala Kibwezi. Kwa hiyo sheria ambayo Nairobi ilimlazimu mwenye duka kuhama mtaa, Ukambani ilimfungia kabisa. Kuanzia 1969 barua za kunyimwa leseni zilipowafikia, wengine waliuza kwa bei ya kutupa kwa Wakamba waliokuwa wafanyakazi wao au wapinzani wao. Wengine waliingia ubia ambao kwenye karatasi ulikuwa wa Mkamba na dukani ulikuwa wa Mhindi. Wale waliokuwa na cheti cha kuandikishwa cha 1964 au 1965 walikitia fremu na kukitundika ukutani karibu na leseni, mahali ambapo mkaguzi angekiona kabla hajakohoa.

Wasio na cheti walikimbilia uwanja wa ndege wa Embakasi. Mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968 walisafiri kwa maelfu kwenda London kwa pasipoti walizoahidiwa. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Callaghan, akapeleka muswada bungeni ukapita kwa siku 3 na kuwa sheria tarehe 1 Machi 1968. Pasipoti ya Uingereza haikutosha tena. Ilibidi mwenyewe, mzazi au babu awe amezaliwa, ameasiliwa au amepewa uraia huko Uingereza kwenyewe. Waliobaki wakapangiwa foleni ya vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kuwabagua hivyo kwa rangi yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Kwa waliokwama kati ya Nairobi na London, uamuzi ulikuja kama mvua baada ya mavuno.

Karatasi za mambo haya zimekwenda wapi? Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili: wajukuu wa waliohama, na wajukuu wa wageni waliobaki bila kuandikishwa. Jibu linaanzia Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa Bank of India, ambamo sasa mna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoanzishwa 1965. Mmoja wa watu waliojitolea kwa ajili yake ni Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya 1966, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmasai, ambaye maisha yake yenyewe yangeweza kujaza faili ya uraia. Anayetafuta habari za Kitui ataomba mafaili ya DC/KTI. Wa Makueni akiomba Makueni ataondoka mikono mitupu, kwani Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya 1992. Duka la babu la Sultan Hamud, kesi ya leseni ya Makindu, orodha ya viwanja vya Kibwezi, vyote vimelala ndani ya DC/MKS. Watu wengi wamekata tamaa bure kwa kutojua hilo tu.

Mengine hayapatikani hata ukijua. Moto wa 1939 uliunguza makao makuu ya serikali ya kikoloni Nairobi pamoja na mafaili mengi ya awali, na ndiyo sababu nakala zilizokuwa wilayani zina thamani kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka 1963, kabla bendera haijashushwa, mafaili mengine yalisafirishwa kimyakimya Uingereza, yakafichwa Hanslope Park, na serikali ya huko ikakiri kuwa nayo 2011 pale wazee wa Mau Mau walipoishtaki. Gazeti Rasmi limebahatika zaidi. Matoleo yake ya zamani yameingizwa kwenye intaneti, na mtu aliyeko Mwingi anaweza kutafuta jina la ukoo kwenye simu akisubiri matatu. Faili la mtu binafsi la uhamiaji, lenye picha, ushahidi wa majirani na uamuzi, hubaki Idara ya Uhamiaji, na huombwa na mwenyewe au wa kwake akiwa na namba ya cheti. Namba hiyo ndiyo watu hupoteza kwanza.

Mwaka 1985 Katiba ilirekebishwa, na kuzaliwa Kenya peke yake kukaacha kumfanya mtoto raia. Ikabidi mzazi mmoja awe raia, na sheria ikahesabiwa kwa kurudi nyuma hadi siku ya uhuru. Kwa watoto wa watu wasio na uraia wowote, mlango wa mwisho ulifungwa hapo. Hili ndilo lililowaumiza Wamakonde, waliotoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa pwani wakati wa ukoloni, wakazaa, wakazikana, wakabaki bila kitambulisho. Huenda Ukambani una deni la zamani kwa watu hao. Sanaa ya kuchonga vinyago iliyoenea kutoka Wamunyu ililetwa na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Wengine husimulia kwamba walimu wake walikuwa Wamakonde, wengine Wazaramo. Oktoba 2016 Wamakonde waliandamana kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, kwa barabara hiyo hiyo inayopita Mtito Andei, Makindu na Emali, wakizuiwa na polisi njiani na kuendelea. Tarehe 13 Oktoba Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Baada yao wakaja Washona, waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe miaka ya 1960 na kutangaziwa uraia sikukuu ya Jamhuri ya 2020, kisha Wapemba wa Kilifi 2023.

Wamakonde walipita katika tundu la sheria ambalo halikuwapo awali. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliruhusu mtu asiye na nchi, aliyekaa Kenya tangu 12 Desemba 1963, aandikishwe, pamoja na vizazi vyake, lakini kwa muda wa kuhesabika. Tarehe ile ya uhuru imerudi tena, safari hii upande wa kuokoa.

Kwa mgeni wa kawaida, Waswahili husema siku ya tatu mpe jembe. Katiba ya 2010 humsubirisha miaka 7. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya kwa miaka 7 ana haki ya kuandikishwa. Aliyekaa kihalali miaka 7 mfululizo anaweza kuomba, na huyo hupimwa tabia, kumbukumbu za mahakama, na mchango anaoweza kuuleta. Hupimwa lugha pia. Katiba ya zamani ilidai Kiswahili. Sheria ya 2011 inakubali Kiswahili au lugha ya mahali, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuingia uraia wa Kenya akijieleza kwa Kikamba. Nawafikiria mapadri wa Ireland wa shirika la Kiltegan, walioijenga Dayosisi ya Kitui tangu kabla haijatangazwa 1964, wakazungumza Kikamba cha ndani kabisa huku wakihuisha vibali kila muda ulipokwisha.

Mwezi Julai 2017 serikali ilitangaza kwenye Gazeti Rasmi kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Baadhi ya wasomi walikasirika, wakauliza kabila gani hili lenye Wagujarati, Kalasinga, Wagoa na Wabohora ndani ya jina moja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wa jamii hiyo 47,555, na Waasia wasio raia karibu idadi hiyo hiyo. Ukilinganisha na 1962, utaona kifungu kile cha uhuru kilifanya kazi gani.

Na bado kinafanya. Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia au alikuwa raia, hata kama yeye alizaliwa nje, na aliyeupoteza uraia wa kuzaliwa kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuurudisha kwa kuomba. Sasa fikiria binamu wawili waliozaliwa Leicester, ambao babu zao walikuwa na duka jirani Makindu. Babu wa kwanza alizaliwa Makindu, na mama yake pia alizaliwa humo humo, mtoto wa fundi wa reli. Saa sita usiku ya 1963 alikuwa Mkenya bila kufanya lolote, na hata alipochukua uraia wa Uingereza miaka ya 1970 alikuwa amekwisha kuwarithisha wanawe. Mjukuu wake akileta kidondoo cha daftari la vizazi kinachomtaja mama huyo wa babu, anapeleka maombi Ubalozi wa Kenya, London, na kudai kilicho chake. Babu wa pili alizaliwa Makindu vilevile, ila wazazi wake wote wawili walishuka melini Mombasa. Hakuomba kabla ya Desemba 1965, na wanawe walizaliwa Uingereza. Mjukuu wake akitaka kurudi Makindu ataanza na idhini ya kusafiri ya mtandaoni, kisha kibali cha kazi, kisha miaka 7.